Muulize Fundi: Kabla ya paneli, fungua daftari

Barua za safari hii zimejaa swali la "ninunue nini?" Nimezigawa mafungu mawili: walioniambia wana vyombo gani na wanavitumia saa ngapi, na walioniambia tu kwamba wanataka sola. Fungu la kwanza nalijibu hapa. Fungu la pili, chukueni daftari, orodhesheni kila kinachochomekwa ukutani, wati zake na saa zake, kisha mniandikie tena. Bila orodha hiyo mimi nabahatisha, na muuzaji naye anabahatisha, ila yeye anabahatisha kwa faida yake.

*Shikamoo Fundi. Nina paneli mbili za wati 200 kila moja, betri mbili za maji za voti 12, ampea-saa 100 kila moja, na inveta ya wati 2,000. Natumia taa nne za LED za wati 9, televisheni ya wati 60, king'amuzi, ruta ya intaneti, na tunachaji simu tatu. Mwanzoni tulitazama televisheni mpaka tuchoke wenyewe. Siku hizi ikifika saa tatu usiku inveta inapiga kelele na nyumba nzima inaingia giza. Aliyenifungia anasema niongeze paneli mbili. Nimsikilize?*
Baba wa gizani

Marahaba, baba. Usimsikilize bado. Wewe umeniandikia vizuri, kwa hiyo hesabu inafanyika.

Tuanze na kinachoingia. Paneli zako zimeandikwa jumla ya wati 400, lakini wati hizo zilipimwa maabara, seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya paa mchana paneli hufika nyuzi 60 bila shida, na kila nyuzi inayozidi hula kama asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu yake. Ongeza vumbi, ongeza waya mwembamba, ongeza umeme unaopotea ukiingia na kutoka kwenye betri. Mimi hukata asilimia 30 hapo hapo, sibishani na mtu. Siku yenye jua kali la kama saa tano kwa jumla, unabaki na wati-saa (wati mara saa) 1,400, si zile 2,000 za kwenye karatasi.

Sasa kinachotoka. Televisheni wati 60 kwa saa tano, 300. Taa nne kwa saa tano, 180. Simu tatu, tuseme 45. Jumla 525. Hapo ungekuwa tajiri. Lakini king'amuzi ukikizima kwa rimoti, ile taa ndogo nyekundu ikabaki inawaka, aghalabu kinaendelea kunywa karibu kama kilivyokuwa. Tukikadiria wati 15 kwa saa 24, ni 360. Ruta ya wati 10 usiku na mchana, 240. Na inveta yenyewe, kile chombo kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuchomeka ukutani, kubwa namna hiyo, hata isipobeba mzigo wowote hula wati 20 hivi ili tu iwe macho. Hiyo ni 480. Vitu vitatu ambavyo hakuna mtu nyumbani anayekumbuka kuviwasha vinakula 1,080, mara mbili ya vile mnavyovifaidi. Jumla kuu 1,605. Kilichoingia ni 1,400.

Upungufu huo wa kama wati-saa 200 kwa siku ndio ulioua betri zako. Betri ya maji kama zako, yaani ya madini ya risasi na asidi, haipendi kulala na njaa. Isipojazwa hadi juu, salfeti inaganda kwenye sahani zake za risasi, na kila kipande kilichoganda hakishiki chaji tena. Mwaka wa kwanza betri zilikuwa changa, zikavumilia. Sasa "kujaa" kwake ni nusu ya kujaa kwa zamani, ndiyo maana mnafika saa tatu tu.

Ukitaka uhakika, azima mita. Zima inveta usiku mkilala, na alfajiri kabla jua halijagusa paneli pima kila betri peke yake. Betri nzima iliyojaa na kupumzika husoma voti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya hapo hutakiwi kuifikisha kila siku. Kisha pima tena jioni, baada ya siku ya jua na bila kuwasha kitu. Ikionyesha imejaa kisha ikaporomoka mara tu unapowasha televisheni, ujue ni ganda tu lililobaki.

Paneli mbili za ziada kwenye betri za namna hiyo hazitakurudishia usiku wako. Fanya haya kwanza: televisheni na king'amuzi viwe kwenye soketi moja yenye swichi, mkimaliza kutazama izimwe ukutani. Ruta ilale mnapolala. Inveta iwashwe jioni tu, kwa saa sita. Sasa king'amuzi kwa saa tano ni 75, ruta kwa saa 16 ni 160, inveta 120. Kutoka 1,080 umeshuka hadi 355, na jumla ya nyumba ni 880. Paneli ulizonazo zinatosha na chenji inabaki. (Ruta ya mchana utaihitaji bila inveta. Ruta nyingi hutumia voti 12, lakini usiichomeke moja kwa moja kwenye betri, kwa maana betri ikichajiwa hupanda hadi voti 14 na ushee. Weka kifaa kidogo cha kushikilia voti 12.)

Betri utabadilisha, hilo silikwepi. Usichanganye mpya na ya zamani, maana ya zamani itaivuta mpya kaburini. Ukiweza, chukua lithiamu ya aina ya chuma-fosfeti. Ya risasi unaruhusiwa kutumia nusu tu kama unataka idumu, hii unatumia asilimia 80 bila kuiumiza, kwa hiyo moja ya ampea-saa 100 itakaribia kazi ya zile mbili zako. Hakikisha tu kontrola ya chaji, kile kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, ina mpangilio wa lithiamu, na mwambie fundi aubadilishe mbele yako.

Na ile inveta ya wati 2,000? Vyombo vyako vyote vikiwaka pamoja havifiki 200. Aliyekuuzia alikuuzia alichokuwa nacho dukani. Ndogo ya wati 500 ingekutosha, na ingekula kidogo ikiwa imekaa bure.

*Habari Fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nyumbani tunapika kwa mkaa, na wakati wa mvua tunaingiza jiko ndani. Tuna paneli moja ya wati 100 ya taa. Nimesikia kampeni ya nishati safi ya kupikia nikafurahi. Je, paneli hii naweza kuichomekea jiko la umeme?*
Mama wa moshi

Hapana, mama, na nitakuonyesha kwa nini. Kuchemsha lita mbili za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunadai wati-saa kama 190, na hiyo ni kabla jiko halijapoteza hata tone la joto. Paneli yako kwa siku nzima nzuri, baada ya kukata asilimia 30, inaleta 350. Yaani siku nzima ya jua haitimizi sufuria mbili za maji. Taa na simu ni vitu vidogo, kupika ndiko kunakokula nishati. Watu wengi wanafunga sola wakidhani wameaga moshi, kumbe wameaga kibatari tu.

Lakini usikate tamaa. Ungekuwa na umeme wa gridi, yaani wa nguzo za kampuni, hata ule unaokatikakatika, ningekuambia anza na sufuria ya presha ya umeme, si jiko la koili. Koili inapasha hewa ya jikoni pamoja na wewe mwenyewe. Ile ya presha imefungwa, imezungushiwa kizuia joto, ikishafika kwenye presha inajizima na kuwaka kidogo kidogo tu kushikilia. Chakula kigumu kinachochemka saa mbili kwenye koili hula zaidi ya yuniti moja (wati-saa 1,000), kwenye presha kinaiva kwa chini ya nusu yuniti. Jiko la induksheni nalo ni zuri, kama asilimia 85 ya umeme inaingia kwenye sufuria, ila linataka sufuria inayoshika sumaku. Beba kipande cha sumaku ukienda kununua sufuria. Usione haya.

Bila gridi, kilicho karibu zaidi nawe ni gesi ya mtungi. Wako watakaokuambia gesi ni mafuta ya ardhini, haihesabiki kuwa safi kwa tabianchi. Ni kweli inatoka ardhini. Lakini linganisha na unachokitumia. Kilo moja ya mkaa kwenye tanuri la udongo hula kilo 5 hadi 10 za kuni kabla haujafika jikoni kwako, na sehemu kubwa ya nishati ya kuni zile imeishia msituni kama moshi. Pafu la mtoto wako halingojei mpaka dunia ipate jibu kamili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya watu bilioni 2 bado wanapika kwa moto wa wazi au majiko ya moshi. Kwa hiyo, mtungi ukiwezekana, chukua mtungi.

Usipowezekana mwezi huu, yapo mambo ya leo. Jiko banifu lenye ukuta wa udongo wa kuchoma: shika ukuta wake wa nje likiwa limewaka, kama linaunguza vidole joto lako linatokea hapo. Mfuniko juu ya sufuria, kila mara. Na kapu la kuivishia: kapu au boksi lililojazwa maranda au blanketi kuukuu pande zote. Chakula kikishachemka kwa nguvu dakika kumi na tano hivi, kitoe motoni na mfuniko wake, kizike humo, ufunike, uende zako. Kitaendelea kuiva bila mkaa. Vyakula vya nafaka na vinavyochukua muda ndivyo vinavyofaa zaidi. Kabla ya kula kirudishe motoni kichemke tena, kwani chakula vuguvugu kilichokaa muda mrefu ni karamu ya bakteria.

Kuhusu kuingiza jiko ndani wakati wa mvua, hapo sina mzaha. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu hautoi moshi, ndiyo maana watu wanauamini. Unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoshika damu mahali pa oksijeni. Mtu analala, haamki. Jiko la mkaa lisilale chumba kimoja na binadamu, hata kwa dirisha lililo wazi kidogo, hata usiku wa baridi.

*Fundi, paneli zangu sita zimeunganishwa na gridi, mita inarudisha umeme wa ziada kwa kampuni. Umeme ukikatika saa sita mchana, jua likiwa utosini, na mimi nakaa bila umeme kama jirani asiye na paneli. Nimeuziwa mbovu?*
Mwenye paneli kwa jina tu

Hujauziwa mbovu. Inveta ya gridi imeagizwa kuzima gridi inapozima. Ingeendelea kusukuma umeme kwenye nyaya, fundi aliye juu ya nguzo akidhani waya umekufa angekufa yeye. Ukitaka umeme wakati wa kukatika unahitaji inveta ya aina mseto, betri, na swichi inayoitenga nyumba yako na gridi. Aliyekufungia alipaswa kukwambia kabla ya kupanda ngazi, na wewe ulipaswa kuuliza.

*Sisi ni kamati ya maji. Kisima chetu kirefu, maji yanapanda mita 40 hadi kwenye tangi la juu. Tunahitaji lita 10,000 kwa siku. Jenereta ya dizeli inatumalizia pesa. Mfadhili mmoja yuko tayari kutupa pampu ya sola pamoja na benki ya betri bure. Wajumbe wengine wanasema tukatae, tuchangishane tufunge mfumo mdogo wetu. Tumegawanyika. Tupatanishe.*
Katibu

Ndugu katibu, hii ndiyo barua niliyoipenda kuliko zote, maana mmeleta mita na lita. Ngoja nianze na fizikia, siasa baadaye.

Lita 10,000 ni tani kumi za maji. Kuziinua mita 40 kunadai yuniti 1.1 tu ya nishati. Pampu na mota yake hupoteza zaidi ya nusu, kwa hiyo andikeni yuniti 2.7. Gawanyeni kwa saa tano za jua, ongezeni hasara za joto na vumbi, mnapata wati 750 za paneli au karibu hapo. Hizo ni paneli mbili za kisasa za wati 400. Mimi ningefunga nne, kwa sababu siku ya mawingu ipo na watu wataongezeka. Mlikuwa mnadhani mnahitaji shamba la vioo, sivyo?

Betri kataeni, hata za bure. Maji yaliyo juu ya tangi ni umeme uliokwisha kutumika na kuhifadhiwa: yakishapanda, yanashuka yenyewe usiku bila waya. Fedha ya betri iongezeni kwenye tangi, liwe la kubeba mahitaji ya siku mbili au tatu. Tangi halina salfeti, halihitaji fundi kutoka mbali, na baada ya miaka mitano halitawaita kwenye kikao cha dharura. Nimeona miradi mingi ya jumuiya iliyokufa, na mara chache sana ni paneli iliyokufa. Inakufa betri, au inakufa kontrola, na hakuna pesa ya nyingine kwa sababu tangu siku ya uzinduzi hakuna aliyelipa chochote.

Ndipo tunapofika kwenye siasa zenu. Chukueni msaada kama ni wa paneli, pampu na tangi, lakini changishaneni pia, na pesa hiyo iwekwe isiguswe. Paneli nzuri huja na dhamana ya nguvu ya miaka 25. Pampu haitafika huko, wala kontrola. Kwa hiyo tangu ndoo ya kwanza kila nyumba ilipe kwa lita, mita ya maji ikae kila bomba, na hesabu isomwe hadharani kila mwezi na mtu ambaye si mweka hazina. Bei iwe chini ya ile mliyokuwa mnailipia dizeli, isiwe sifuri. Wajane na wagonjwa wasioweza, kamati iwasamehe kwa majina, si kwa kunong'onezana.

Mnadhani haya ni ya vijijini kwetu tu? Kisiwa cha Samsø nchini Denmark, chenye watu wapatao 4,000, kilishinda shindano la serikali mwaka 1997 la kuhamia kwenye nishati jadidifu. Kilijenga mitambo ya upepo 11 nchi kavu na mingine 10 baharini. Kilichofanya wenyeji wasiichukie ni kwamba mingi ilikuwa yao: mingine ya wakulima mmoja mmoja, mingine ya watu walionunua hisa ndogo ndogo. Na nje kidogo ya Copenhagen, mji mkuu wa nchi hiyo, kuna mitambo 20 iliyosimamishwa baharini mwaka 2000, Middelgrunden, ambayo nusu yake ilimilikiwa na ushirika wa wananchi zaidi ya 8,000. Mtu mwenye hisa mtambo ukisimama anapiga simu kuuliza. Asiye na hisa anasema, "ule mradi wao umeharibika."

Jambo la mwisho kwenu. Kabla ya kusaini, mfadhili aandike jina la duka linalouza kontrola ya pampu ile ndani ya mwendo wa siku moja kutoka mlipo. Akishindwa kuliandika, chagueni pampu nyingine.

*Fundi, betri tatu za zamani ziko chini ya kitanda. Kuna mtu anapita anazinunua kwa kilo, anazipasua uani kwake na kuyeyusha risasi. Nimpe?*
Msafi

Usimpe. Risasi ikiyeyushwa uani inaingia kwenye vumbi, vumbi linaingia mikononi mwa watoto, na hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Inaharibu ubongo na hairudishiki. Zitoe chini ya kitanda leo, ziweke nje mahali pakavu zikiwa zimesimama wima, funika ncha zake kwa utepe, na ukinunua mpya mdai muuzaji azipokee za zamani. Risasi yake ina thamani kiwandani, naye anajua.

*Shikamoo mzee. Mimi ni mwanafunzi. Klabu yetu ya mazingira inataka kubadilisha taa za shule na kupanda miti. Mjomba anatucheka, anasema joto la dunia limeletwa na matajiri, sisi tunajichosha bure. Nimjibuje?*
Kijana wa klabu

Marahaba mwanangu. Mjomba wako ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo mpe. Jopo la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, katika ripoti yake ya mwaka 2022 lilionyesha kwamba asilimia 10 ya kaya zinazochafua zaidi duniani huchangia kati ya asilimia 34 na 45 ya gesijoto (gesi zinazopasha dunia) zote zitokanazo na matumizi ya kaya. Nusu ya chini ya watu wote, asilimia 13 hadi 15 tu. Kwa hiyo mtu wa taa moja asipigiwe kelele kama mwenye ndege binafsi.

Nusu aliyoikosa ni hii: taa za shule hambadilishi kwa ajili ya kuwafuta machozi matajiri. Balbu ya zamani ya wati 60 na LED ya wati 9 hutoa mwanga ule ule. Shule yenye balbu 40 zinazowaka saa nne kila siku inakula karibu yuniti 10 kwa taa za zamani, na chini ya moja na nusu kwa LED. Mwambie mkuu wa shule tofauti hiyo kwa mwezi, mzidishe kwa bei ya yuniti mnayolipa, kisha muulize fedha iliyobaki itanunua nini. Hapo ndipo mjomba ataacha kucheka. Ripoti ile ile inakadiria kwamba mabadiliko upande wa watumiaji, yaani majengo, usafiri, chakula na kadhalika, yanaweza kupunguza uzalishaji wa gesijoto katika sekta hizo kwa asilimia 40 hadi 70 ifikapo mwaka 2050, mradi serikali na miundombinu viwape watu njia. Mtu hawezi kupanda basi ambalo halipo. Kwa hiyo barua ya pili ya klabu, baada ya ile ya mkuu wa shule, iende kwa diwani wenu.

Miti pandeni, lakini pandeni michache mtakayoimwagilia. Mti uliopandwa na mgeni rasmi mbele ya kamera huwa na maisha mafupi kuliko hotuba yake.

*Fundi, nina ng'ombe wawili, wanashinda malishoni na kurudi jioni. Nataka mtambo wa bayogesi. Kuna mtu ananiambia nitapika asubuhi mpaka usiku. Nichimbe?*
Mfugaji

Ngoja jembe kwanza. Kilo moja ya kinyesi kibichi cha ng'ombe hutoa kama lita 40 za gesi. Kichomeo kimoja cha jiko hunywa lita 300 hadi 450 kwa saa. Ng'ombe anayekaa bandani utamwokotea kilo 10 au zaidi kwa siku, wawili kilo 20 na ushee: gesi ya saa mbili hivi, labda mbili na nusu. Hiyo ni asubuhi na jioni kwa nyumba ya wastani inayofunika sufuria. Hiyo "mpaka usiku" haipo hapo. Na hao ng'ombe wako wanaoshinda malishoni wanaacha nusu ya gesi yako porini.

Kuna na maji. Kinyesi kinachanganywa na maji kiasi sawa, ndoo kwa ndoo, kila siku. Kama maji mnayatafuta mbali, mtambo huu utageuka mzigo wa kichwani mwa mtu, na nadhani wote tunajua ni kichwa cha nani. Baridi nayo: vijidudu vinavyotengeneza gesi vinapenda joto la nyuzi 30 hadi 37, na chini ya 15 vinazembea kabisa.

Ukiamua kufunga, usikubali mtambo unaovuja. Gesi yenyewe kwa sehemu kubwa ni methani, na methani ikitoroka hewani inapasha dunia zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule, ikipimwa kwa miaka 20. Mtambo unaovuja ni afadhali usingejengwa. Paka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba, palipotokea mapovu kaza. Ukisikia harufu ya mayai viza jikoni, funga koki, fungua madirisha, na usiwashe hata swichi. Tope linalotoka upande wa pili usilitupe, ni mbolea iliyokwisha kuiva, mimina shambani.

Kwa hiyo jibu lako: wajengee banda wakae humo, upate maji karibu, kisha chimba. Kama hayo mawili hayawezekani mwaka huu, samadi peleka shambani kama ilivyo, na fedha ya mtambo nunua mtungi wa gesi.